Mwenzangu Kajitoa Safarini: Niende Peke Yangu?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, sijaolewa, nina kazi yangu na ninajitegemea. Nakuandikia kwa sababu kichwa kimenijaa, na kila ninayemuuliza ananichanganya zaidi.

Mwaka jana mimi na rafiki yangu wa tangu shule tuliamua kwamba likizo ya safari hii tutatoka, twende nchi ambayo kati yetu hakuna aliyewahi kuikanyaga. Tukaweka akiba kidogo kidogo, tukakata tiketi, tukaweka nafasi za malazi katika miji miwili. Wiki iliyopita akanipigia simu kuniambia haendi. Kwao limezuka jambo la kifamilia ambalo sitaki kulieleza hapa, na ninaamini ni la kweli. Lakini tiketi yangu hairudishiki, likizo imeshaidhinishwa, na zimebaki wiki tatu.

Moyo wangu unataka kwenda. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kukodolea macho ramani, nasoma majina ya miji kwa sauti na kujiuliza watu wa huko wakiamka asubuhi wanaona nini dirishani. Ila sijawahi kusafiri peke yangu mahali ambapo hakuna ndugu wa kunipokea.

Wizi naogopa kama anavyoogopa mtu yeyote. Kinachoninyima usingizi hasa ni mambo ambayo hata kuyasema naona aibu. Jioni, kwa mfano. Nitakaa wapi jioni? Nitaingiaje mahali pa kula, nivute kiti, nikae mezani peke yangu huku watu wananitazama? Halafu mimi ni mpotevu wa njia, tena kweli kweli. Nikiingia jengo nikatoka kwa mlango mwingine, siwezi kukuambia nilitokea upande gani. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa anaongoza, mimi namfuata.

Mama naye. Nilipomwambia mwenzangu amejitoa, alijua safari imekufa. Nilipomwambia bado nafikiria kwenda, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Unakwenda kutafuta nini mahali ambapo hata ukianguka hakuna wa kukuinua?" Tangu hapo hataki kulizungumza. Kaka yangu ndiye aliyenipa wazo: nimwambie mama kwamba kazini wamenipeleka semina, humu humu nchini, na kwamba huko mtandao ni wa shida. Nikirudi salama nitamweleza, au nisimweleze kabisa, yaishe.

La mwisho. Kuna kijana tuliyejuana mtandaoni, tunaandikiana miezi kadhaa sasa, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nilipomsimulia yaliyonipata alisema nisiwe na wasiwasi, atakata tiketi, atachukua nafasi ya rafiki yangu, tutagawana gharama, na sitakuwa peke yangu. Anaonekana mtu wa heshima. Anasubiri jibu langu.

Shangazi, niende? Nimfiche mama ili asiumie? Nimkubali huyu kijana? Au niyaache yote nikae nyumbani nipumzike?

Mpotevu wa Njia

*

Marahaba mwanangu,

Nenda. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta. Lakini kuna mambo mawili uyafute kabla ya kufunga begi: semina ya uongo, na huyo kijana. Kama huwezi kuyafuta, basi baki nyumbani, na hapo sitakuwa na la kuongeza.

Tuanze na kijana maana ndiye mwepesi. Sina ubaya naye, simjui. Tatizo ni kwamba hata wewe humjui. Unajua anavyoandika. Mwenzi wa safari ni mtu anayelala jirani nawe, anayejua pasipoti yako iko mfuko gani na fedha umezificha wapi, anayekuona ukiwa umechoka na huna nguvu za kubishana. Nafasi ya namna hiyo haipewi mtu kwa sababu tu imebaki wazi. Ukiwa peke yako, ukahisi mahali hapajakukalia vizuri, unainuka unaondoka, humwelezi mtu. Ukiwa naye, kuondoka kunataka maelezo, na huenda sababu ya kutaka kuondoka ni yeye mwenyewe. Kama ni mtu wa heshima kweli, atakusubiri urudi, muonane mchana, mahali penye watu, katika mji unaoufahamu wewe. Akinuna kwa kukataliwa, nalo ni jibu.

Sasa mama yako, na hapa nitakaa, maana naona wewe na kaka yako mmelichukulia kama jambo la kumpunguzia mzazi mawazo.

Hebu tuufuate huo uongo hadi mwisho wake. Umefika, umezunguka, unafurahi. Siku moja unateleza ngazini, mguu unavunjika, unapelekwa hospitali, simu imezima na chaja iko chumbani. Nyumbani mama anajua uko semina, tena mahali pasipo na mtandao. Siku ya kwanza ya ukimya wako haimshtui. Ya pili nayo haimshtui. Umemwachia sababu nzuri kabisa ya kutokutafuta. Atakaposhtuka hatimaye, atapiga simu kazini kwako, ambako ataambiwa uko likizo. Kisha ataanza kukutafuta katika nchi ambayo haumo. Kaka yako anajua ulikokwenda, sawa, lakini je, anajua jina la nyumba uliyolala? Anajua ulikuwa uhame mji siku ipi?

Mwanangu, watu wengi wanaosafiri peke yao wanarudi wakiwa wazima, na sababu mojawapo ni kwamba kuna mtu mahali fulani anayejua wako wapi leo. Hiyo ndiyo kamba yao. Unaweza kukosa mwenzi wa kutembea naye pembeni, ukavumilia. Mtu wa kushtuka usipoonekana, huyo usimkose.

Hujawa wa kwanza kuwaza ujanja huu. Ida Pfeiffer, mzaliwa wa Vienna mwaka 1797, alitamani kuiona dunia tangu msichana. Akaolewa, akalea wana wawili, na mwaka 1842, akiwa na miaka 44 na wanawe wameshakuwa watu wazima, akaondoka peke yake. Alijua akisema ukweli ndugu watamzuia, kwa hiyo aliwaambia anakwenda tu kumtembelea rafiki Constantinople, yaani Istanbul ya leo, wakati safari yake ilikuwa ifike Nchi Takatifu. Baadaye aliizunguka dunia mara mbili, ya kwanza kati ya 1846 na 1848, ya pili kati ya 1851 na 1855. Namheshimu sana mama yule. Lakini tazama tofauti: enzi zake, hata angesema ukweli wote, barua ya kuomba msaada ingemfikia ndugu baada ya wiki nyingi. Ukweli usingemwokoa, basi uongo nao haukumpokonya kitu kikubwa. Wewe una simu. Kwako ukweli unaweza kufika nyumbani kwa dakika moja, na kwa dakika hiyo hiyo mtu akaanza kukuhangaikia.

Kwa hiyo nenda kwa mama. Usimpelekee hoja za kwa nini safari ni nzuri, hajakuuliza hizo. Alichokuuliza ni nani atakuinua ukianguka. Mpelekee jibu la swali lake. Chukua karatasi moja, uandike kwa mkono, kwa herufi kubwa anazoweza kuzisoma bila kumwita mtu: tarehe ya kuondoka na namba ya ndege, jina la nyumba ya kwanza utakayolala, mtaa wake na namba yake ya simu, tarehe utakayohama na nyumba ya pili vivyo hivyo, namba ya bima, simu ya ubalozi wa nchi yako kule, tarehe ya kurudi. Ikae ukutani kwake. Halafu mpatane wakati mmoja maalumu kila siku, huo mmoja tu, ambao utamtumia ujumbe. Usimwahidi kumpigia kila mara, maana betri ikiisha mchana utamuua kwa hofu bure. Na mpatane nini kifanyike saa hiyo ikipita kimya: kwanza asubiri mpaka asubuhi, asubuhi kaka apige nyumba uliyolala, wasipokuona huko apige ubalozini. Mtu mwenye la kufanya hofu humpungua, hata kama haimwishi.

Akikataa bado? Anaweza. Wewe ni mtu mzima, mwanangu. Ukweli ni haki yake na uamuzi ni wako. Mwachie karatasi hata kama amekugeuzia mgongo. Nakuhakikishia ataisoma ukishatoka.

Nikirudi kwenye hofu zako, sitaki uzionee aibu. Umesema jioni inakutisha kuliko wezi, na wasafiri wakubwa walilia kwa jambo hilo hilo. Ibn Battuta, aliyekuja kutembea kuliko karibu kila mtu wa zama zake, hadi Kilwa mwaka 1331, alitoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, bila mwenzi wala msafara. Njiani akashikwa na homa, akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Alipofika Tunis pamoja na wasafiri aliokutana nao njiani, wenyeji wakatoka kuwapokea wasafiri, huyu akimsalimu huyu, yule akimsalimu yule, na yeye hakuna aliyemsalimu kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia, machozi yakamshinda kuyazuia. Mmoja wa wasafiri akaliona hilo, akamwendea, akamsalimu na kumpa maneno mazuri, akawa naye mpaka wakaingia mjini. Hayo aliyasimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, baada ya kuona nusu ya dunia, na hakuona sababu ya kuyaficha.

Kwa hiyo tarajia jioni moja au mbili za namna hiyo. Zikija usijiambie umekosea kusafiri. Upweke wa safarini huuma zaidi jua linapozama, wakati kila mtu anaonekana ana kwake pa kwenda, na mara nyingi asubuhi unakuta umeondoka wenyewe. Lakini usiusubiri umekaa kitandani. Mlo wako mkubwa uufanye mchana, wakati watu wengi hula peke yao wakiwa katikati ya kazi na hakuna anayekutazama. Jioni kula kidogo na mapema, karibu na unapolala. Ukiingia mahali, kaa pembeni, mgongo ukutani, uone mlango. Meza ya katikati ndiyo inayomfanya mtu ajihisi yuko jukwaani. Na usikimbilie kuinamia simu. Tazama watu. Ndicho ulichokitaka ulipokuwa mtoto na ramani yako.

Jambo jingine la jioni, nalo kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote: rudi mahali pamoja mara ya pili. Wasafiri wengi wana pupa ya kuona kipya kila saa, kisha wanalalamika kwamba hakuna anayewajua. Ukienda mahali leo, wewe ni mgeni. Ukirudi kesho, aliyekuhudumia anakukumbuka, anakusalimu, anakuuliza jana uliishia wapi. Ukirudi kesho kutwa anakueleza mtaa upi mzuri kutembelea na upi uuepuke. Huyo ni mwenyeji wako, umempata bila kupelekwa na mtu.

Usiku wa kwanza, nakuonya mapema, hutalala vizuri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwapima watu waliolala mahali pageni, wakakuta kwamba usiku wa kwanza upande wa kushoto wa ubongo haulali usingizi mzito kama wa kulia. Unabaki macho nusu nusu, ukisikiliza sauti zisizo za kawaida. Usiku mwingine tofauti hiyo ikapungua. Ni mwili wako unakulinda, hata kama kunakuchosha. Basi usipange jambo zito asubuhi ya kwanza, na zaidi ya yote usiamue kurudi nyumbani kwa sababu ya usiku huo. Ukiingia chumbani, kabla hujafungua begi, funga mlango uone kitasa na komeo vinafanya kazi. Kisha toka koridoni uhesabu milango kutoka kwako hadi ngazi za dharura, kwa kuigusa ikibidi, maana moshi ukijaa au umeme ukikatika hutaona kibao chochote, utahesabu kwa mkono.

Pia angalia leo tiketi yako inakufikisha saa ngapi. Kama ni usiku, andikia nyumba utakayolala wakutumie dereva, wakupe jina lake na namba ya gari kabla hujapanda ndege. Mji unaoufikia mchana na mji unaoufikia usiku ni miji miwili, na wewe unataka kuanza na ule wa mchana.

Sasa kupotea njia. Hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Umesema mwenyewe kwamba rafiki yako alikuwa anaongoza na wewe unafuata. Anayefuata mgongo wa mwenzake huona mgongo. Uwezo wa kujua mahali tumezaliwa nao wote. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya utafiti London, alionyesha kwamba ndani ya ubongo wa panya zipo seli zinazoamka panya anapofika mahali fulani tu, nyingine mahali pengine, kana kwamba kila seli ina kona yake. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, huko Norway, wakapata seli nyingine zinazopima nafasi na umbali kwa mpangilio kama wa wavu. Watatu hao walitunukiwa Nobel mwaka 2014. Sisi wanadamu nasi tunazo seli za kazi hiyo. Zako hazijafa, hazijapewa kazi.

Zipe kazi hivi. Asubuhi ya kwanza toka nje ya nyumba uliyolala, tembea hatua chache, kisha geuka nyuma uitazame. Simama kabisa, uangalie mlango, rangi ya ukuta, kilicho kulia kwake na kilicho kushoto. Watu hupotea wakati wa kurudi kwa sababu njia ya kurudi ina sura tofauti na ya kwenda, na sura hiyo hawajawahi kuiona. Ufanye hivyo hivyo kila unapokata kona: pinda, geuka, tazama kona ile itakavyoonekana ukirudi. Siku hiyo usiende mbali. Zunguka jengo zima kwa kupinda mkono mmoja kila mara mpaka urudi mlangoni, kisha mzunguko mkubwa zaidi, kisha mkubwa kidogo tena. Kufika mchana utakuwa na mtaa mzima kichwani, na utakuwa umeupata mwenyewe. Hakuna kitu kitakachokupa moyo katika safari yote kama kujikuta umefika mlangoni bila kumuuliza mtu.

Na ukipotea, maana utapotea, kupotea mchana mahali penye watu si ajali. Mara nyingi ndivyo mtu anavyofika kwenye uwanja au kichochoro ambacho hakuna aliyemtajia. Kabla hujasafiri pakua ramani za miji yote miwili kwenye simu. Wengi hawajui kwamba simu inatambua ilipo hata bila intaneti: kipokezi cha GPS husikiliza setilaiti zilizo kama kilomita 20,000 juu yetu, na zikisikika nne zinatosha. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, ndiyo maana uwe nayo tayari. Ila usisimame katikati ya njia ukizungusha simu hewani. Ingia ndani ya duka, simama pembeni, tazama, kisha toka ukijua unaelekea wapi. Na uwe na kikaratasi chenye anwani ya unapolala, kiandikwe na mtu wa mapokezi kwa maandishi ya huko, ili hata simu ikifa na lugha ikigoma, umwonyeshe dereva.

Nimekukataza kumdanganya mama. Kwa watu usiowajua njiani ruhusa unayo. Mtu akikuuliza uko peke yako, jibu kwamba kuna mtu unamsubiri, uendelee na safari yako. Huna deni la ukweli kwa kila anayeuliza. Namba ya chumba ikitajwa kwa sauti pale mapokezi huku watu wamesimama nyuma yako, omba chumba kingine, waiandike. Picha zako zirushe mtandaoni ukishaondoka mahali hapo, si ukiwa bado umekaa. Na ukihisi vibaya juu ya mtu au mtaa, ondoka bila kuomba radhi. Watu wengi waliolelewa kwa adabu hujiingiza hatarini kwa kuogopa kuonekana wakorofi.

Makaratasi nayapitia haraka, ila usiyapuuze kwa kuwa zimebaki wiki tatu. Tazama pasipoti yako inaisha lini. Nchi nyingi hutaka ibaki na uhai wa miezi sita. Kama unakokwenda wanadai cheti cha homa ya manjano, chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo ni wiki hii, si ile ya kuondoka. Kama ulishachanjwa zamani, tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha. Bima ya safari isome uone kama inalipia matibabu na kurudishwa nyumbani ukiugua sana, isiwe ya mizigo tu. Uwe na nakala ya pasipoti begini na nyingine kwenye barua pepe. Namba 112 inaita msaada katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, lakini si kote, kwa hiyo tafuta namba ya huko uihifadhi. Ukikamatwa kwa lolote, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Omba hilo kabla ya kutia sahihi karatasi usiyoielewa. Kama nchi yako haina ubalozi kule, ulizia wizara ya mambo ya nje ni ubalozi upi wa jirani unaohudumia, uandike huo kwenye karatasi ya mama.

Rafiki yako mpigie. Usimlaumu, na usimfiche kwamba unakwenda. Anaumia kuikosa safari hii, na mliweka pamoja nafasi za malazi. Muulize aliziona zikoje, na wapi pa kuteremkia. Mwombe awe mtu wa pili kupata ule ujumbe wa kila siku, ili mama asiubebe mzigo peke yake.

Karatasi iandike usiku wa leo, kwa mama uende kesho akiwa ametulia. Huyo kijana mjibu sasa hivi, kabla hajakata tiketi.

Shangazi